Mama na Jiwe la Tatu

Mwezi uliopita wanawake wa kikundi chetu cha biashara walinisimamisha mbele. Eti niwafundishe kupanga muda. "Bibi, ulikuwa na mgahawa Kariakoo enzi zile za foleni, chai unauza, watoto umelea. Ulifanyaje?" Nikawaambia niacheni, nikaketi. Walidhani naringa. Naringa nini! Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe imewazidi umri wengi wao.

Ujanja wangu ulikuwa mawe. Miaka ile kila kitu foleni: sukari foleni, unga foleni, mafuta foleni. Mtu huwezi kusimama kutwa, kwa hiyo ukifika alfajiri unaweka jiwe lako, au kapu, au kandambili iliyokatika, unaenda zako. Aliye nyuma yako analisogeza. Mimi nilikuwa na mawe matatu, nimeyapaka rangi ya bluu iliyobaki nilipopaka milango ya mgahawa, na nilijiona mwerevu kuliko mtaa mzima. Jiwe moja la sukari, la pili la unga, la tatu popote litakapohitajika, mwenyewe niko jikoni nasukuma maandazi. Mtu akiligusa jiwe langu nilimporomoshea maneno hadi Mnazi Mmoja wanasikia.

Mama yangu alikuwa anaishi Magomeni, na macho yalikuwa yanamwishia. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe, halafu anacheka ili tusijue. Daktari wa macho alikuja hospitali moja ya mjini siku moja tu kwa mwezi, na mwezi ule siku yake ikaangukia siku tuliyotangaziwa sukari. Mgahawa ulikuwa umekaa wiki nzima bila sukari na wateja walishaanza kunikimbia.

Nikajiambia, hili ni jambo la kupanga tu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshaweka mawe mawili Kariakoo, la tatu nikaenda nalo hospitali, na mama nimemshika mkono. Mbele yetu walikuwapo watu sita tu. Nikamkalisha barazani, nikaweka jiwe miguuni pake.

"Mama, kaa hapa. Usiliache jiwe hili mpaka nirudi. Saa nne nimefika."

"Nenda mwanangu, usije ukakosa," akasema.

Nikarudi Kariakoo, lori la sukari likachelewa. Meneja wa duka anatoka, anajinyoosha, anasema subirini, anarudi ndani. Saa tatu, saa nne, saa tano. Ningeweza kuondoka. Nalisema waziwazi, maana hakuna aliyenifunga kamba. Lakini mbele yangu walikuwapo watu watano tu, na kila nikigeuka niondoke nasikia mtu anasema lori hilo, linakuja. Nikabaki. Mungu anisamehe, nilibaki.

Nilifika hospitali saa nane, natweta, mfuko wa karatasi wa sukari kilo mbili kwapani. Baraza tupu. Mama yuko palepale nilipomwacha, jua limemfika kifuani, jiwe la bluu kalipakata. Mlango wa daktari umefungwa.

Nilivyowaka! Nilimvaa mlinzi, mzee wa rika la baba yangu, hata shikamoo sikumpa. "Mnamwacha bibi asiyeona juani? Nyie hamna mama? Mmeliruka jiwe lake, makatili wakubwa!" Muuguzi akachungulia aone kuna nini, naye akapata yake.

Mlinzi alinisubiri mpaka pumzi ikaniishia. "Binti, foleni ilihamia ndani tangu saa mbili. Nimemwambia aingie mara tatu. Nimemshika mkono kabisa. Kakataa. Anasema mwanawe kamwambia asiondoke hapa, akihama atapotezana naye."

Mwezi uliofuata daktari hakuja, na ule mwingine hakuja. Alipokuja, alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akasema tumechelewa. Ndiyo maana sifundishi mtu kupanga muda. Niliupanga vizuri sana, kila jiwe mahali pake, na mama yangu nikamfanya jiwe la nne.

Lakini siku ile barazani hayo nilikuwa siyajui bado. Nilikuwa na hasira tu, na mlinzi alishanimaliza maneno, basi nikamgeuzia mama.

"Kwa nini hukuingia na wenzio? Kwa nini, mama?"

Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaishika khanga yangu, akapanda nayo hadi kwapani, akaufikia ule mfuko wa karatasi. Akaubonyeza kwa vidole. Uso wote ukachangamka.

"Umeipata sukari! Alhamdulillahi," akasema. "Basi siku yetu haijapotea."