Waya wa Mizani na Mashine ya Mzee

Mke wangu ni fundi mizani, na asiyeamini akaulize zahanati, kiwanda cha unga, hata posta. Mimi ni fundi cherehani. Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na baba yangu yuko chumba cha pili. Mzee alipoteza macho akiwa bado mwalimu. Sasa anasoma kwa vidole: laptopu inatuma maandishi kwenye mashine yake ndogo, nukta nundu zinachomoza, anapapasa mstari kwa mstari. Laptopu yenyewe ni hiyo moja tu. Asubuhi ni ya mke wangu, kuanzia alasiri ni ya Mzee.

Siku hiyo muuguzi wa zahanati alileta mizani ya watoto wachanga. Ilikuwa inadanganya kwa gramu themanini. Akaketi kwenye stuli yangu, akasema haondoki bila mizani yake. Ili kuirekebisha, lazima laptopu iongee nayo kwa waya wa pini tisa, kupitia adapta ya USB. Mke wangu akachomeka. Kimya. Laptopu haikuonyesha porti yoyote, yaani mlango wa kuongea na mizani.

"Waya umekufa huo," nikasema.

"Waya mzima. Shona suruali yako, baba watoto."

Akaupima kwa mita: mzima kweli. Akabadili tundu: yale yale. Akaangalia kama ana ruhusa ya kutumia porti: anayo. Mimi ningekuwa nimeshaitupa adapta hiyo dirishani zamani! Yeye akafungua daftari ambamo Linux, mfumo unaoendesha laptopu yetu, huandika kila kinachochomekwa, akachomoa, akachomeka tena, akasoma kwa sauti.

"Imeiona. Imeipa jina, ttyUSB0. Halafu sekunde hiyo hiyo imenyang'anywa." Akacheka. "Kumbe mwizi yumo humu humu ndani!"

Mwizi alikuwa programu ya Mzee, ile inayotuma maandishi kwenye mashine yake. Adapta ile, iliyonunuliwa juzi tu, ilikuwa na namba ya utambulisho sawasawa na aina fulani ya mashine za nukta nundu. Programu ikadhani imeletewa mashine ya kusomea, ikaidaka.

"Ifute," nikasema. Muuguzi anatazama saa, suruali tatu zinaningoja, hasira zimenipanda. "Ifute tu! Fundi aliyeiweka atakuja kuirudisha wiki ijayo. Mzee atangoja. Wiki kitu gani?"

Mke wangu hata hakugeuka. "Macho ya mtu hayafutwi kwa sababu ya waya."

"Ni baba yangu, si wako!"

"Ndiyo maana nakushangaa."

Muuguzi akakohoa, akatazama dari. Heri kujikwaa dole, jamani, kuliko kujikwaa ulimi. Nikainamia cherehani nikashona mfuko upande usio wake.

Mke wangu akatafuta orodha ya vifaa ambavyo programu ile inaruhusiwa kuvidaka. Akashuka nayo taratibu, kidole kwenye kioo, mpaka akaikuta namba ya adapta. Akahakikisha mashine ya Mzee ina mstari wake mwingine. Ndipo akaweka alama mbele ya ule wa adapta ili programu iuruke, akachomeka upya.

Porti ikatokea. Tukangoja. Ikabaki pale pale.

"Si nilisema?" akasema, ingawa hakuwa amesema chochote. Akaweka jiwe la kilo moja kwenye mizani. Gramu elfu moja na themanini. Akaandika amri mbili, tatu, akapima tena. Elfu moja kamili. Muuguzi aliondoka ameikumbatia mizani kama mtoto mwenyewe.

Alasiri mke wangu akapeleka laptopu chumba cha pili. "Baba, hebu jaribu."

Nukta zikachomoza. Vidole vya Mzee vikatembea, vikarudi, vikatembea tena. Mimi nimesimama mlangoni na tepu yangu shingoni, natabasamu utadhani nimeirekebisha mimi.

"Iko sawa, mama," akamwambia mke wangu. "Ahsante sana."

Kisha, bila kuinua vidole, akanigeukia mimi.

"Wiki ina siku saba, mwanangu. Tangu asubuhi nilikuwa nazihesabu."