Sweta Lililoota Mkonga

Nichekeni kabisa sasa hivi, jamani, maana nikishaanza sitaki kukatishwa: mimi, mwanaume mwenye ndevu zangu, fundi simu ninayejulikana Nachingwea kuanzia stendi mpaka sokoni, niliaibika mbele ya padre na ukoo mzima wa shemeji yangu kwa sababu ya sweta la mtoto mchanga. Na sweta lenyewe nililifuma kwa mikono yangu hii hii.

Ndiyo, nafuma. Mama alitufundisha wote wawili, mimi na dada yangu Anastazia (Anastazia aliacha baada ya wiki, mimi nikanasa), na mpaka leo mteja akichelewa kuja kuchukua simu yake, chini ya meza sindano zangu zinatembea. Shida ni kwamba napenda pia vitabu vya hadithi, na mapenzi hayo mawili yanagombana kama wake wenza, nikifuma kitabu kinaniita, nikisoma uzi unanitazama kwa lawama. Basi nikawa nimeyagawia siku, leo huyu kesho yule, na nyumba ilikuwa na amani.

Sasa Anastazia akajifungua. Ameolewa Mandawa, kule Ruangwa, akakaa miaka watu wanamwangalia tumbo, na siku yenyewe ilipofika alitoka damu kiasi kwamba tuliopigiwa simu tulishaanza kutafuta nauli ya msiba. Akapona, na mtoto akapona. Hakuwahi kuizungumzia siku ile, nasi hatukumuuliza. Mimi nikaapa kumfumia mtoto sweta jeupe la ubatizo, kwa sababu kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kuja mikono mitupu (mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni wa heshima tu).

Wiki ile ile jirani yangu, Mwalimu Somoe, akaniazima kitabu. "Jumatatu shule inafunguliwa, nakitaka," akaniambia. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa: nitafanya yote mawili kwa pamoja. Nikabana kurasa kwa vibanio vya nguo, nikakiegemeza kitabu kwenye redio mbovu ya mteja, nikashika sindano. Na ikawezekana! Nikajiona nina akili kuliko wilaya nzima.

Sweta lilikuwa limebaki mkono mmoja tu, ambao unafumwa kuanzia begani kushuka chini, ukawa unaingia wenyewe kwenye kapu miguuni pangu. Kitabu kilikuwa cha mkunga mmoja. Ng'ambo ya mto uliofurika kuna mwanamke ameshikwa na uchungu, mke wa bwana aliyemdhulumu mkunga huyo shamba. Ng'ambo hii binti wa mkunga mwenyewe naye siku zake zimetimia. Mkunga akaingia mtoni, maji magotini, mimi nafuma, maji kiunoni, nafuma, maji kifuani, uzi ukaniishia mkononi. Nikavuta donge la pili la uzi, nililoliweka kwa ajili ya kofia ya mtoto, bila hata kushangaa limeishaje la kwanza (fundi mzima hajiulizi!), nikaendelea. Mara wateja wakaja, umeme ukakatika, nikafunga kishono cha mwisho kwa kupapasa, nikalikunja sweta, nikalitia kwenye mfuko wa zawadi wenye utepe. Kitabu nikakitia kwenye begi nikimalizie njiani, ila juu ya bodaboda na vumbi lile la Ruangwa huoni hata kisogo cha dereva.

Misa ikaisha vizuri. Nyumbani, kabla ya pilau, zikaanza zawadi, na msimamizi akawa Shangazi Filomena, dada wa shemeji yangu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili.

"Sasa tunamtaka mjomba mtu! Mjomba, usitufiche, fungua hapa hapa!"

Nikafungua. Nikaliinua sweta kwa mabega, juu kabisa, kama wauza mitumba. Vigelegele vikaanza, vikakatika. Mkono wa kulia ulikoma pale unapokoma mkono wa mtoto. Wa kushoto ulishuka, ukapita kifua changu, ukapita goti, na mwisho wake ulikuwa bado uko mfukoni. Nikavuta. Ukazidi kuja.

"Mjomba," akasema Shangazi Filomena taratibu, "tembo wetu mmeshamchagulia jina?"

Watu walianguka kwa kicheko. Padre alikuwa na soda mdomoni, ikabidi apigwe mgongo. Na mimi badala ya kucheka nao yaishe, nikadanganya. "Huu ni mtindo wa sasa. Unakunjwa."

"Haya, kunja tuone."

Nikamvalisha mtoto. Nikakunja, nikakunja, likawa bonge kubwa kuliko kichwa chake, mtoto akalalia upande mmoja kama gari lenye pancha, akaanza kulia, bonge likafunguka lote likaburuta vumbini, na watoto wakakimbilia ule mwisho wakitaka kurukia kamba. Anastazia akaja, akamvua mwanawe kimya kimya, akaniachia lile sweta mkononi.

"Kaka, ulikuwa unawaza nini?"

Nikakosa uongo mwingine. "Nilikuwa nasoma hadithi."

Aliyekuwa hacheki ni Bibi Tekla, mama mkwe wa Anastazia. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, kwa hiyo aliniuliza kwa Kimwera: ni hadithi gani hiyo yenye nguvu ya kumsahaulisha mtu mkono wa mjukuu wangu? Isimulie.

Nikaanza haraka haraka, nia yangu ni kukimbia aibu tu. Lakini nilipofika mtoni nikaona wanawake wamekaa chini. Waliobeba sahani wamesimama nazo. Niliposema maji yamefika kifuani, Anastazia akamkumbatia mtoto kwa nguvu, na mimi nikanyamaza.

"Enhe?" akasema Shangazi Filomena. "Akavuka?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nimeishia hapo."

Jamani! Kelele za sweta zilikuwa salamu tu. "Sweta umelizidisha, hadithi umeipunguza! Mjomba gani wewe!" Nilitamani nigeuke korosho niokotwe niende zangu. Padre ndiye aliyeniokoa. "Hicho kitabu kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye begi. Nikasoma kwa sauti, kurasa ambazo hata mimi sikuwa nimeziona, nikisimama kila mara kumwekea Bibi Tekla kwa Kimwera. Mkunga akavuka. Akampokea mtoto wa adui yake, maji yakapungua, akarudi mbio akilia njia nzima, akakuta mlango wake uko wazi, binti yake amekaa na mtoto mapajani, na pembeni ananawa mikono mke mwenza wa mkunga, ambaye hawakuwa wamesemeshana naye tangu ujana. Kitabu kikaishia hapo, hakisemi waliambiana nini.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Harufu ya pilau linaloungua ilikuja na hakuna aliyeinuka. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini peke yangu siku zote, sikujua kitabu kinaufanya nini uso wa mtu, na siku ile niliziona nyuso zote kwa pamoja.

Halafu Anastazia akasema, kama anayeongea na mtoto, "Mimi siku ile nilisikia maji masikioni." Akaeleza yote, damu, giza, na mkono mmoja uliomshika asizame. "Mkono wa mama huyu." Bibi Tekla hajui Kiswahili cha kutosha, lakini hilo alilielewa. Alifungua kitambaa chake cha kichwa akajifuta uso, wala hakuona haya, na tulikaa hivyo wote, padre na soda yake mkononi, tukimtazama.

Sweta nililifumua nikalifuma upya, likamtosha. Kitabu nilikirudisha kimechelewa, nikasemwa na Mwalimu Somoe kama mwanafunzi. Kule Mandawa naitwa Mjomba Mkonga, na sibishi. Ila nimeapa: sitafuma tena huku nasoma, hata sweta likiwa la mfalme. Siku ya sindano ni ya sindano. Na siku ya kitabu, nikifika pale maji yanapopanda, mikono yangu yote miwili naikalia.