Mama Ziada na Chupa ya Foliki

Fundi cherehani wa mtaa wetu hajawahi kushona nguo ikamkaa mtu sawasawa. Mwambie inchi mbili za pindo, atakuachia nne. "Kitambaa kikishakatwa hakirudi, mwanangu," atakujibu, pini mdomoni. Tukambandika jina la Mama Ziada, naye akalipokea kama cheo.

Basi bintiye, kitindamimba wake, akapata ujauzito. Wa kwanza ulitoka kwa malaria, kwa hiyo safari hii mama alikuwa roho juu. Kliniki walimmezesha binti dawa ya kuzuia malaria palepale, wakampa na vidonge vya foliki, vitamini ya wajawazito, vidogo, kimoja kwa siku. Mama Ziada akakigeuzageuza kimoja kiganjani.

"Hiki nacho cha kumlisha nani? Sisimizi?"

Huyoo, mpaka duka la dawa, akarudi na chupa ya foliki kali. Kila asubuhi alisimama mbele ya binti, tepu shingoni, mpaka amwone amemeza.

"Mama, vya kliniki vinatosha."

"Meza wewe! Akiba haiozi."

Wiki ya tatu binti akaamka anatetemeka. Kliniki wakapima: malaria. Weee! Mama Ziada akawaka, "Dawa zenu feki!"

Nesi alimwacha amalize. Sare yake alishonewa na Mama Ziada huyohuyo, mikono ikamfika vidoleni. "Nyumbani anameza nini kingine?" akauliza. Chupa ikatolewa mkobani kwa maringo.

Nesi akaisoma, akaguna. "Mama, kimoja cha hivi kinazidi kumi vya kwetu. Dawa yetu ya kinga humzuia mdudu wa malaria asijitengenezee foliki, maana bila hiyo hazaliani. Wewe ukamletea iliyo tayari. Siapi kwamba ndiyo sababu, ila nyingi hivi huweza kuipunguzia dawa nguvu."

Mama Ziada akakaa kitako. "Maskini mimi! Nimemlisha adui wa mjukuu wangu kwa mkono wangu?"

Binti akaanzishiwa matibabu. Nesi akapima tumbo, na moyo wa mtoto ukasikika, du-du-du, mbio kweli. Mama Ziada akalia bila aibu.

"Sasa foliki ngapi?" akauliza akijifuta.

"Zetu. Kimoja."

"Na nusu?"

"Kimoja, mama."

Mama Ziada akatoa mkasi mkobani, akamshika nesi mkono, akaikata ile mikono ya sare hapohapo kwenye kifundo, hata pindo hakuacha.