Sentimita Tatu za Fons

Fons Geudens ana miaka sabini na moja na goti moja la chuma, na tangu chama chetu kianzishwe hajakosa hata mara moja mbio za pikipiki za zamani hapa Kempen, Ubelgiji. Watu humsifu. "Mwone mzee yule, damu yake petroli tupu!" Upuuzi. Fons alitaka kuacha, na hakuwa na pa kutokea. Nawaambieni mapema kwa sababu mimi nilichelewa kujua, na kuchelewa kwangu ndiko kulikomfungia mlango.

Kilichomfunga ni kaka yake, Staf. Mwaka sabini na nne ndugu hawa walikuwa wakishindana mchangani kila Jumapili, Staf mbele, Fons nyuma akila vumbi lake. Fons alikuwa amejifunzia pikipiki za Kiingereza, zile ambazo gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Aliponunua pikipiki mpya iliyopangwa kinyume, hakuwa na haja ya kuifundisha miguu yake upya. Aliifundisha pikipiki. Alikata, akachonga, akachomelea, mpaka pedali zikahamia alikotaka yeye. Mikono ya Fons usiitanie.

Sasa Jumapili moja pikipiki ya Staf ikagoma kuwaka mbio zikiwa karibu kuanza. Fons alikuwa ameteguka kidole wiki ile, hakimbii, akamkabidhi ya kwake.

"Kaka, kumbuka pedali nimezigeuza."

"Ondoka hapa, mimi mtoto mdogo?" Staf akamjibu.

Kichwa kilikumbuka, mguu ukasahau. Mazoea yana taabu. Kwenye mteremko nyuma ya misonobari mguu wa kulia ulitafuta breki ukaikuta gia, na tangu siku ile Staf hajasimama tena.

Hakumlaumu mdogo wake hata siku moja, na hilo ndilo nisilomsamehe. Angemtukana, wangegombana, wakalia, yakaisha. Badala yake alimwambia akiwa bado kitandani hospitali: "Sasa utakimbia kwa ajili yetu wawili." Fons akaitikia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika umri huo mtu huitikia tu.

Basi kila Jumapili ikawa ileile. Fons anamfuata Staf nyumbani kwake, anamnyanyua kumweka kwenye gari, anamketisha kwenye kiti chake kando ya uzio karibu na kona ya kwanza, blanketi magotini, viazi vya kukaanga na mayonezi mkononi. Halafu anavaa helmeti na kwenda kupigwa na mchanga. Staf ana ubao mweusi anaouinua kila Fons anapopita, na kwa chaki ameandika neno moja: KAZA. Mke wa Fons, Paula, huenda baharini Jumatatu akarudi Ijumaa. Hajaiona bahari siku ya Jumapili tangu aolewe.

Mimi ni Lisette. Nilikuwa nikiuza supu ya njegere pale uwanjani, halafu chama kikanipa rula, na nimekuwa mpimaji kwa miaka kumi na tisa. Sheria ya kundi letu ni moja: gurudumu la nyuma lisipande na kushuka zaidi ya sentimita kumi, kama enzi zile. Tunatoa springi, tunasukuma gurudumu juu mpaka ligome, tunapima. Ikizidi, huendi mbio, na hakuna wa kumlilia.

Jumapili moja ya Septemba Fons alileta pikipiki yake, shokapu za nyuma amezisogeza mbele ili gurudumu lipande zaidi, na weldingi mpya inang'aa bila rangi. Kipofu angeiona. Nilipima: kumi na tatu. Nikapima tena: kumi na tatu na kidogo. Nikainua uso, nikamkuta ananitazama kwa macho ya kuomba.

"Sema kipimo, Lisette," alisema polepole. "Sema kwa sauti."

Staf alikuwa hatua nne tu kutoka pale, kwenye kiti chake cha magurudumu. Mimi nikajiona mwerevu. Nikajisemea, mzee wa watu mgongo unamuuma, amejilainishia pikipiki kidogo, sentimita tatu zitamuua nani? Nikamkonyeza, eti, nikapaza sauti: "Kumi kamili! Anayefuata!"

Wema hauozi, wanasema. Wangu ulioza kabla ya saa sita mchana.

Alimaliza wa mwisho. Aliporudi alishindwa kufungua kamba ya helmeti, nikamfungulia mimi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Mzunguko wa tatu nimesahau breki iko mguu gani," alisema. "Mimi, Lisette. Pedali nilizozitengeneza mwenyewe."

"Umechoka tu. Kaa chini nikuletee bia."

"Sitaki bia! Siku nne nimejifungia gereji naiharibu pikipiki ili unifukuze. Unifukuze mbele yake, iwe ni sheria, isiwe mimi. Wewe ukanikonyeza!"

Nilitaka ardhi inimeze. "Si ungemwambia tu, Fons? Kaka, nimechoka. Maneno mawili."

"Mwambie wewe. Mtu amekaa kwenye kiti miaka arobaini na tisa, nenda kamwambie mimi nimechoka."

Nikaenda. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile nilikuwa nimejikasirikia, kwa hiyo sikubisha hodi.

"Staf, ile pikipiki ilikuwa kumi na tatu. Nimedanganya."

"Na kidogo," alisema huku akizungusha kiazi kwenye mayonezi. "Nimeiona ile weldingi tangu tuko kwenye gari. Tangu lini Fons akaacha weldingi bila rangi?"

"Kwa hiyo ulijua anataka nimzuie."

"Najua anataka kuacha. Tangu Pasaka najua."

"Na ukanyamaza? Na hilo bango lako la KAZA ukalinyanyua, mzee mzima huna haya?"

Hakukasirika. Aliweka viazi pembeni, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Lisette, mke sina, mtoto sina. Siku sita za wiki naongea na muuguzi anayeniogesha, dakika ishirini, na yeye ana haraka. Fons akiacha mbio, Jumapili atakuja kwangu kufanya nini?"

"Kukutembelea, kama watu wengine! Mnywe kahawa!"

"Tangu siku ile hatujawahi kukaa chumba kimoja bila pikipiki katikati yetu. Zikiondoka, itabaki ile siku. Sisi wawili na ile siku. Naogopa. Basi, umenisikia. Naogopa."

"Atakufia pale kwenye mchanga."

"Najua," alisema, na akageuza uso upande wa misonobari.

Nilimkuta Fons nyuma ya gari akifunga pikipiki kwa kamba. Nilimwambia yote, sikupunguza wala kupaka sukari. Nilitegemea atarusha helmeti, au atakwenda kumkumbatia kaka yake, au walau atamtukana baada ya miaka yote hiyo. Nilijiandaa kwa lolote kati ya hayo.

"Alisema anaogopa?"

"Alisema. Mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia injini na kujua tatizo liko wapi. Kisha akaenda kwenye uzio. Akapitisha mikono chini ya kwapa za Staf, akamnyanyua, goti la chuma likalia, akamketisha kwenye gari, akamfunga mkanda na kumvutia blanketi. Akarudi kufunga mlango wa nyuma nilipokuwa bado nimesimama na rula yangu.

"Kumi na tatu ni nyingi," aliniambia. "Inapiga mateke kwenye mchanga. Nitairudisha kwenye kumi."

Jumapili iliyofuata nilipima mara mbili, nikiomba izidi walau kidogo. Haikuzidi.