Zuhura Kichwa Chini

Kwa miaka ishirini na sita fundi wa mawe ya makaburi alijigamba kwamba hajawahi kukosea hata nukta. "Wateja wangu hawana mfano," alikuwa akisema. "Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika." Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuyasugua mawe hayo mpaka yang'ae, alikuwa ameusikia utani huo mpaka akatamani naye alale chini ya mojawapo.

Fundi alikuwa na patasi kali, mkono mtulivu na kitambi. Kitambi ndicho kilichompangia kazi. Akishamaliza nusu ya chini ya jiwe, hakikumruhusu kuinamia meza ili afike juu, kwa hiyo aliligeuza jiwe zima, sehemu ya juu ya jiwe ikaja upande wake. Karatasi ya mfano aliigeuza nayo, akaendelea kuchonga herufi miguu juu bila wasiwasi.

Siku moja akaja mjane wa mwalimu wa elimu ya nyota, na karatasi ndogo mkononi.

"Hii ni alama ya sayari ya Zuhura," alisema. "Watu wa nyota hawaandiki jina, wanachora hivi: duara, na msalaba mdogo chini yake. Mume wangu alikuwa anaichora kila mahali, hata kwenye ukuta wa jikoni kwangu. Naomba uiweke juu ya jina lake. Na taratibu, fundi. Jiwe hili alilichagua mwenyewe, sitaki lingine."

Fundi akachonga tarehe, akachonga jina, akageuza jiwe. Karatasi akasahau kuigeuza. Haikuwa na hata herufi moja ya kumshtua.

Mkewe ndiye aliyeona. Kitambaa kilisimama katikati ya jiwe.

"Baba watoto, mbona msalaba uko juu?"

Fundi akatazama karatasi, akatazama jiwe, akarudia karatasi.

"Marehemu atakuwa chini," alisema mwishowe. "Akitazama kutokea huko ataiona sawasawa."

"Na mjane je, tumpindue?"

Jiwe si daftari, huwezi kufuta. Alasiri mjane alipofika, fundi alikuwa ametunga uongo mzuri kuhusu wataalamu wa nchi za mbali, ila ulimshinda kuusema. Aibu ilimchoma kuliko alivyotarajia.

"Mama, nimekosea. Nisamehe."

Mjane akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye alama. Mabega yakaanza kumtikisika. Fundi akadhani analia, kumbe anacheka.

"Unajua umechonga nini? Msalaba ukikaa juu, hiyo ni alama ya Dunia." Akavuta pumzi. "Miaka thelathini na minane, fundi! Chai inapoa, mtoto ana homa, bomba limepasuka, mwenzangu yuko juu ya paa na darubini yake. 'Ngoja kidogo, mama, nakuja.' Kila jioni namwambia, baba, shuka!"

Sasa alikuwa analia kweli. Mke wa fundi akampa kitambaa kilichokuwa karibu, cha kusugulia mawe, na uso wote ukawa mweupe kwa vumbi.

"Iache hivyo hivyo," mjane alisema. "Leo ndiyo kashuka."

Alipofika mlangoni akageuka.

"Na siku yangu ikifika, hiyo Zuhura yake unichongee mimi. Safari hii angoje yeye."