Mabati ya Bahati Nasibu

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, mwanangu, ulikuwa umesimama peku penye miiba ya mti wa mathenge, unalia, na mwanamume mzima mwenye simu mkononi anakwambia uangalie huku na usijifute machozi.

Naikumbuka vizuri kwa sababu si ya zamani. Mimi si mzee. Mvi sina, na mdogo wako bado ananyonya. Lakini hapa Garsen ukingoja uzeeke ndipo useme, utakuta uliokosea nao wameshasahau na aliyewadanganya ameshapata cheo. Kwa hiyo nakuusia sasa, wewe na kila wa rika lako atakayekuja kuambiwa kwamba kuna pesa mahali, zinangoja kikundi cha kuziomba.

Mwanamume huyo tulimwita Bwana Mradi. Alikuja mtaani kwetu na pikipiki safi, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia shaka, maana barabara zetu hazimwachi mtu safi. Alisema ni mshauri wa vikundi. Wakati huo chekechea yenu ilikuwa imebebwa na mafuriko. Kuta za udongo zilirudi mtoni, zikatuachia nguzo. Mlisoma chini ya turubai. Jua likiwaka mnapikika, mvua ikinyesha mnarudishwa nyumbani. Sisi akina mama tulitaka mabati. Hatukuomba lami wala mnara.

Ujue pia kikundi chetu ni cha watu gani. Nusu ni sisi Wapokomo wa mashamba, nusu ni Waorma wa ng'ombe, ambao ni Waislamu. Ukizingatia kwamba wazee wa pande hizi mbili wamewahi kuzikana kwa ajili ya maji na malisho, utaelewa kwa nini sufuria moja ya uji inayonywewa na watoto wote ilikuwa kitu kikubwa kuliko jengo. Mimi nilikuwa katibu kwa kuwa nimemaliza sekondari. Mweka hazina alikuwa Bi Halako, mama wa Kiorma, bibi yake rafiki yako Dhadho. Na sheria yetu ilikuwa hii: hakuna karatasi inayotoka bila sahihi ya mkulima mmoja na mfugaji mmoja.

Bwana Mradi aliijua sheria hiyo, ndiyo maana hakutukutanisha. Mimi alinipata peke yangu kwenye kinu cha kusaga mahindi. Akaniambia kuna kampuni ya bahati nasibu, hii ya simu, ambayo baba zenu huitumia shilingi wakingoja majina yao yatajwe redioni. Akasema kampuni hutenga fungu la kusaidia jamii, na vikundi visivyofanya biashara vinaruhusiwa kuomba.

"Na wenzetu Waorma?" nikamuuliza. "Kwao bahati nasibu si kamari?"

"Katibu, hao nimeshaongea nao. Hawana neno. Wewe tia sahihi tu."

Nikatia. Unaona hapo? Nyumba ya Bi Halako iko hatua chache kutoka kwangu, namsalimia kila asubuhi, na sikwenda kumuuliza. Tangu ugomvi ule wa maji na malisho tulizoea kutoulizana mambo ya dini, tukaiita heshima. Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia. Sisi tulikuwa tunaficha, tunajisifu kwamba tunaishi kwa amani.

Basi siku ya picha ikafika. Bwana Mradi alituambia kila ombi huambatanishwa na picha, tukaja tumependeza. Wewe nilikuwa nimekununulia ndala mpya sokoni. Akakutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, uso ukamkunjamana.

"Mama Neema, mvue viatu. Viatu vinaharibu picha. Watoa pesa wanataka kuona shida."

"Shida si hiyo hapo?" nikamwonyesha nguzo. "Piga nguzo."

"Nguzo hazitoi machozi, mama."

Kabla sijamjibu alikuwa ameinama, amekuvua mwenyewe, amekusogeza kando kidogo pale mathenge yalipoota. Mwiba ukakuingia. Ukapiga kelele, naye akainua simu, akakwambia uangalie huku na usijifute machozi, akapiga picha.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba niliongea kama mtu wa kanisani. Nilimpokonya ile simu. Nikamwambia, "Vua vyako kwanza! Vua, usimame hapa, tukupige wewe. Una mguu mnene, utapata pesa nyingi!"

Akina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Na shati pia avue, tumbo lile ni ushahidi wa njaa!" Bwana Mradi akacheka nasi, kicheko kile cha mtu anayehesabu nani atamlipa kwa aibu hii. Ndipo Bi Halako, aliyekuwa amekuketisha mapajani anautoa mwiba, akauliza bila kuinua kichwa.

"Hawa watoa pesa wanaopenda kuona mtoto analia, ni watu gani?"

Nami kwa hasira nikabwata, "Si ni hao wa bahati nasibu!"

Kicheko kikakatika. Akina mama wa Kiorma wakatazamana. Bi Halako akainua kichwa.

"Bahati nasibu? Hii kamari ya simu?"

"Mama yangu," Bwana Mradi akaingilia haraka, "pesa haina dini."

"Pesa haina. Mimi ninayo. Wewe uliniambia ni sadaka ya kampuni ya matajiri wa Nairobi, ndipo nikatia sahihi."

"Ni kampuni, na iko Nairobi. Nilisema uongo wapi?"

Waorma waliinuka mmoja mmoja, wakawashika watoto wao mikono, wakaondoka. Asubuhi iliyofuata uji ulipikwa, sufuria ikabaki nusu. Dhadho hakuja. Wewe uliniuliza kama amekufa.

Nilikwenda kwa Bi Halako nikiwa na hasira zangu bado, za kumtetea nani sijui. Nikamwambia mvua ziko karibu, watoto watalowa, na bati halijui limenunuliwa kwa shilingi ya nani. Akanimiminia chai ya maziwa, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Maziwa hayaulizwi yametoka ng'ombe gani," akasema, "mpaka mtoto aharishe. Sasa mtoto ameharisha. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa kukuudhi, bibi."

"Miaka yote hii tunakula pamoja, unaniogopa? Huko kuniogopa ndiko kunakoniudhi. Yule mtu hakutudanganya kwa akili yake. Alipita katikati yetu, akakuta pako wazi."

Nilitoka pale. Nikatafuta namba ya kampuni yenyewe, siyo ile aliyotupa Bwana Mradi, nikapiga. Dada aliyepokea alikuwa na adabu. Nilimwuliza kila kitu tulichopaswa kuuliza mwanzo, na nilichokisikia ndicho nakuachia, kwa sababu hasira bila maarifa ni kelele.

Kuomba ni bure. Mtu akidai ada ya faili au fungu lake mapema, mfukuze. Kikundi kiwe kimesajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na katiba yake na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, siyo simu ya mtu. Wanataka muhtasari wa mkutano ambao wanachama walikaa wakakubaliana kuomba. Mkutano wa kweli, mwanangu, siyo wa kalamu. Wanataka bei za mabati na mbao kutoka madukani, na maelezo ya nani atasimamia kazi. Na baada ya pesa kuja, mnatoa hesabu na risiti, la sivyo mlango huo mmeufunga. Wewe nawe una haki ya kuwachunguza: kampuni ina leseni ya serikali ya kuchezesha? Fungu lenyewe lina masharti gani? Watatumia sura za watoto wenu kwenye matangazo yao? Mkono unaotoa nao una kucha.

Halafu nikamwuliza dada yule nani ameandikwa kusimamia mradi wetu. Akanitajia. Si mimi, si Bi Halako. Alikuwa Bwana Mradi mwenyewe, kama mratibu, na muhtasari wa mkutano ulikuwepo, wa mkutano ambao haukuwahi kukaa.

Siku hiyo hiyo nikapita nyumba kwa nyumba nikawaita akina mama wote. Tulikaa, na safari hii tuliulizana. Kuna Mpokomo aliyesema yeye pesa ya kamari haimkeri, maana mumewe ameshaichangia vya kutosha, hiyo ni kurudishiwa. Tulicheka, Waorma nao wakacheka. Lakini tukakubaliana kwamba paa la watoto wote haliwezi kutoka katika mfuko ambao nusu ya mama zao hawawezi kuugusa. Tukaamua ombi lifutwe. Mabati hatuna mpaka leo, na sitajifanya kwamba sikulia. Mlilowa msimu ule. Ila mlilowa wote, na Dhadho alikuwa kando yako.

Kikundi kingine kikiamua kwa moyo mmoja kuomba fungu la bahati nasibu, mimi simo katika kuwahukumu. Nasaha yangu ni hii: ulizaneni ninyi kwanza kabla hamjamuuliza mgeni. Ombeni wenyewe, kwa midomo yenu na mwandiko wenu, hata ukiwa mbaya. Anayekuambia jirani yako ameshakubali, mwambie angoje, kisha nenda kwa jirani. Na mtoto wako asivuliwe chochote ili apewe kitu.

Mungu akupe mdomo usioogopa kuuliza, mwanangu, na miguu ya kufuata jibu mpaka linakokaa. Akukutanishe na majirani wa kukukemea ukiwa hai.

Barua hii hapa ndiyo niliyoipeleka ofisini. Karani alitaka kuipokea bila muhuri, nikakaa mpaka akaupiga.

*Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii. Nakala kwa ofisi ya fungu la jamii la kampuni ya bahati nasibu.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTU ANAYEJIITA MSHAURI WA VIKUNDI*

*Sisi akina mama wa chekechea, wakulima na wafugaji, tunalalamika kwamba mtu ambaye jina lake tumeliandika nyuma ya karatasi hii alituombea pesa bila idhini ya kikundi. Alimwambia katibu jambo moja na mweka hazina jambo jingine. Aliandika mkutano ambao haukufanyika. Alijiweka msimamizi wa mradi wetu. Alipiga picha za watoto wetu, mmoja akiwa amemvua viatu mpaka akachomwa na mwiba.*

*Tunataka ombi hilo lifutwe na picha hizo zisitumike popote. Tunataka achunguzwe, na vikundi vingine alivyopitia, kuanzia hapa mpaka Chara, viambiwe. Tunataka ofisi hii itufahamishe hadharani, wote tukiwa tumekaa pamoja, mifuko ya serikali ambayo kikundi kama chetu kinaweza kuomba.*

*Tunangoja jibu kwa maandishi. Lisipokuja tutakuja sisi, pande zote mbili, pamoja na watoto, na tutaendeshea masomo hapo barazani kwenu, kwa kuwa pana paa.*