Barafu Katika Kijito cha Maziwa

Nakumbuka ile siku, mwanangu, na hadi leo kichwa kinanizunguka nikiifikiria. Dada yako Neema ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Surua ilikuwa imeshafika kilima cha pili. Muuguzi akaja na pikipiki, akaacha kisanduku cha chanjo barazani kwetu, kimejaa barafu, akaenda kuwaita akina mama mashambani. Alisema kisifunguliwe.

Babu yako, baba mkwe wangu, hakuwa mtu wa kukaa tu. Jua liliwaka, akaingiwa na wasiwasi barafu isije ikayeyuka. Sisi hapa Masisi maziwa tunayatunzaje? Tunazamisha bidoni, yale madumu yake, kijitoni, na maziwa yanalala salama. Basi akafungua kisanduku, akatia barafu yote guniani, akaizamisha palepale kando ya bidoni zake. Hata mimi niliona ni akili.

Muuguzi aliporudi, gunia lilikuwa tupu.

“Barafu imeenda wapi?” babu yako akamuuliza muuguzi, ameduwaa. “Maji iko baridi sana! Weka mukono, Mama, usikie!”

“Papa, kwa mukono wako iko baridi,” muuguzi akasema. “Kwa barafu, hii maji iko moto. Ingekuwa maji ya chai, ingeisha mbio zaidi. Mule mu kisanduku njo barafu ingekaa bila kuisha.”

Akagusa vichupa vya chanjo vilivyobaki kisandukuni: vimepata joto, chanjo imeharibika. Akakataa kumchoma sindano hata mtoto mmoja. Nililia, nikamng'ang'ania. Alikataa, na yeye machozi yanamlengalenga.

Kabla hajaleta chanjo nyingine, surua iliingia kwetu. Neema alipona, Mungu asifiwe, lakini masikio yalibaki yamekufa. Ndiyo maana tunamwita kwa kumgusa bega.

Babu yako alizeeka akiketi pale kijitoni, mkono majini.

“Lakini iko baridi, Mama Neema,” alikuwa akiniambia.

Jamani, maji yaleyale, mkono uone baridi, barafu ione moto? Bado inanichanganya.

Ninachojua ni hiki, mwanangu: usipime shida ya kitu usichokijua kwa mkono wako mwenyewe. Ukitaka kusaidia, uliza kwanza. Ukiambiwa usifungue, usifungue, hata roho ikuume vipi.

Mungu akupe huruma ya babu yako, na akufundishe kuuliza. Haya, kamguse dada yako bega. Chakula kiko tayari.